Kusema na Kusikilizana: Tuliyofundishwa Chuoni na Tuliyofundishwa Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mmoja wa shule za kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Inachapishwa kwa maombi ya Kamati.)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Mada niliyopewa ni "Faida ya mawasiliano mazuri". Somo hili tulilisoma katika chuo cha ualimu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania wanafunzi hulisoma mwaka wa kwanza, nalo huitwa stadi za mawasiliano. Vijana wetu wachache wanaobahatika kupata ufadhili wa DAFI, ule ulioanzishwa mwaka 1992 na serikali ya Ujerumani pamoja na HCR, nao hulikuta huko. Wapo wanaolicheka. Husema, "Mtu atafundishwaje kusema, naye amekuwa akisema tangu anyonyeshwe?" Leo nataka kueleza kwa nini somo hili si la kuchekwa, hasa kwa mkimbizi, ambaye mara nyingi mali aliyobaki nayo ni neno lake tu.

Chuoni tulifundishwa kwamba mawasiliano yana sehemu tano: msemaji, ujumbe, njia ya kuupeleka, msikilizaji, na mrejesho. Zile nne kila mtu anazijua. Ya tano ndiyo tunayoisahau. Mrejesho ni jibu la msikilizaji linaloonyesha kwamba amesikia, na ameelewa nini. Pasipo mrejesho ujumbe umetumwa, lakini hatuwezi kusema umefika. Wavuvi wa ndagala wa Kigwena wanalijua jambo hili bila kwenda chuo. Mtu akimwita mwenzake ziwani usiku, taa zikiwa mbalimbali, haridhiki kwa sababu amepaza sauti. Huridhika akisikia jibu.

Tena msidhani elimu hii imeletwa na wazungu. Mtafiti Mmarekani aitwaye Ethel Albert alikaa Burundi katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 akaandika juu ya namna Warundi wanavyosema. Alieleza kwamba watoto wa kiume wa familia za wakubwa walianza kufundishwa rasmi kusema wapatapo umri wa miaka kumi hivi: namna ya kuomba kitu kwa mkubwa, namna ya kushukuru, namna ya kujitetea, hata namna ya kutumia sauti na mikono. Mkutanoni mkubwa alisema kwanza na mdogo akangoja zamu yake. Na wasichana je? Hao walifundishwa kunyamaza kwa busara na kusikiliza kwa makini, hata waweze kuyarudia maneno ya mgeni karibu neno kwa neno.

Akina mama, naomba mlisikie hilo vizuri. Ile sehemu ya tano, ambayo chuoni tuliandikiwa ubaoni kuwa ni jambo la kitaalamu, bibi zetu walikuwa wakiifanya jikoni. Kuyarudia maneno ya mtu kama alivyoyasema ndiyo nusu ya mawasiliano, na hapa kambini ndiyo nusu iliyopungua.

Sasa nitoe mifano, maana darasa bila mifano ni usingizi.

Mfano wa kwanza ni saa. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Karatasi ya ofisi huhesabu tangu usiku wa manane. Mama ambaye hakusoma anapewa karatasi iliyoandikwa 8.00. Anamwonyesha mtoto, mtoto anasoma "nane". Mama anafika saa nane mchana, kumbe jina lake limeitwa saa mbili asubuhi. Amechelewa saa sita, na katika daftari ameandikwa kuwa hakufika. Hapo hakuna mwongo wala mvivu. Kama aliyempa karatasi angemwambia, "Mama, hebu niambie utakuja lini na saa ngapi," kosa lingeonekana palepale.

Mfano wa pili ni neno "ejo". Katika Kirundi neno hili moja ni jana na ni kesho. Anayelijua hutambua kwa kitenzi. Mkalimani aliyechoka, au asiyekijua Kirundi sawasawa, anaweza kugeuza jambo lililokwisha kutokea likawa jambo linalongojwa.

Mfano wa tatu ni "baba". Kwetu ndugu wa kiume wa baba ni baba pia, na watoto wake ni ndugu zetu, si binamu. Kijana anaulizwa juu ya wazazi anasema, "Baba aliuawa mwaka 1993." Baadaye katika mahojiano hayohayo anasema, "Baba ndiye aliyetuvusha mwaka 2015." Kwa Mrundi maneno haya hayana tatizo: wa kwanza ni baba mzazi, wa pili ni baba mdogo. Kwa anayeandika, kijana huyu amejipinga mwenyewe. Kwa hiyo vijana, semeni "baba mzazi", "baba mdogo", "baba mkubwa". Nanyi ndugu wahudumu, kabla hamjaandika kwamba mtu anadanganya, muulizeni, "Baba yupi?"

Hata sisi tunaodhani tunasema Kiswahili kimoja hatusemi kimoja. Ndugu zetu Wakongo wa Uvira, Baraka na Fizi husema "kutosha" wakiwa na maana ya kutoa. Akisema "walinitosha nyumbani", Mtanzania anasikia habari ya vitu vilivyotosheleza, kumbe mtu analia kwamba alifukuzwa kwake. Kiswahili cha Rumonge nacho kina mambo yake. Hakuna Kiswahili cha kuchekwa hapa. Lipo tu neno la kuulizwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Ndugu Mwenyekiti, mifano hiyo ni ya karatasi na ofisi. Ipo mingine ya uhai na kifo.

Mwezi Mei 2015 makumi elfu ya watu kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya ziwa na milima. Wengi wetu tulio hapa tunapafahamu. Meli ya Liemba iliwasomba watu safari kwa safari mpaka Kigoma. Kipindupindu kilizuka, kikafuata watu mpaka Kigoma, kikaua watu wapatao 30. Sasa fikirini: mtu aliyezaliwa pwani ya Kigwena amekunywa maji ya ziwa tangu utoto, na babu yake vilevile. Ukimwambia tu, "Maji haya ni mabaya, usinywe," atakuitikia "ndiyo" kwa heshima, kisha atachota. Hakukudharau. Ujumbe wako haukumfikia, kwa sababu maisha yake yote yanaukanusha. Lakini ukimwambia, "Ziwa ni lilelile, ila sasa watu maelfu hawana vyoo na wanajisaidia ufukweni, na kinyesi kinaingia pale unapochota," hapo umempa sababu anayoweza kuipima kwa macho yake. Kisha mwombe amweleze jirani yake mbele yako. Akieleza sawa, umefika. "Ndiyo" ya mkimbizi mbele ya mtu mwenye kitambulisho shingoni mara nyingi ni heshima tu. Tusiihesabu kuwa ni kuelewa.

Nasi tukumbuke kwamba ufundi wa kusema ni kisu, hukata mboga na hukata mkono. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilikuwa na watangazaji hodari, wachekeshaji, wenye muziki unaopendwa na vijana. Sote tunajua hodari hao waliitumia sauti yao kwa kazi gani mwaka 1994. Burundi nayo ilipata redio yake ya chuki, Rutomorangingo, mwaka huohuo. Baadaye, mwaka 1995, Studio Ijambo ikaanzishwa Bujumbura, Watutsi na Wahutu wakitengeneza vipindi pamoja, na kule Ngara Radio Kwizera ikaanza kuwasemesha wakimbizi na wenyeji. Vyombo vya kazi vilikuwa vilevile, maikrofoni na mtangazaji. Tofauti ilikuwa hii: huku mtu aliambiwa amchukie nani, kule alipewa habari iliyoulizwa kwa pande zote. Basi kabla hatujabeba uvumi kutoka bombani mpaka sokoni, tujiulize: niliona, au nilisikia, au nadhani?

Maneno hayo matatu ningependa kila mtoto wa kambi ayajue kama anavyojua kuhesabu: nimeona, nimesikia, nadhani. Faida yake mtaiona siku ya kurudi nyumbani. Wenyeji wa Rumonge na Nyanza-Lac wanajua kilichotokea baada ya mauaji ya mwaka 1972. Watu walikimbia, mashamba ya michikichi yakachukuliwa na wengine, wakapanda, wakazaa, wakazeeka hapo. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 wenye mashamba walianza kurudi kwa wingi, wakakuta nyumba za watu. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB. Mbele ya tume, na mbele ya bashingantahe, wengi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na maneno tu. Mtu aliyeondoka akiwa na miaka mitano anapodai kwamba aliuona mpaka kwa macho yake, huharibu hata ule ukweli aliousikia kwa mama yake. Lakini akisema, "Mimi nilikuwa mdogo, sikuuona mpaka, mama alinieleza hivi, na mzee fulani yuko hai aulizwe," maneno yake huwa na uzito. Ukweli uliopangwa vizuri huaminika, na uliochanganywa na makisio huanguka wote pamoja.

Najua lipo jambo linalotuzuia. Wazee wetu husema kwamba neno linalokupenda hubaki tumboni. Kwa nchi iliyopita tulipopita sisi, hiyo ilikuwa hekima, nayo imeokoa watu. Simwambii mtu aseme yote kwa kila mtu. Nasema tu kwamba kuna chumba ambamo kunyamaza hakukulindi tena, nacho ni chumba cha mahojiano. Humo mjue haki zenu. Mwaka 1977 Kamati Tendaji ya HCR ilikubaliana kwamba anayeomba hifadhi apewe msaada unaohitajika, pamoja na mkalimani anayejua kazi yake. Basi kama humwelewi mkalimani, sema hapohapo, kwa adabu, kabla ya kuendelea. Kama hukumbuki tarehe, sema hukumbuki. Taja msimu, mavuno, au mtoto yupi alikuwa mgongoni. Na kabla ya kutia sahihi au dole gumba, omba usomewe yaliyoandikwa. Huo ndio mrejesho, na wakati huu unaudai wewe.

Kwa kumalizia, nina maombi matatu.

Kwa wakazi wenzangu: tangazo likitolewa, kiongozi wa mtaa asiondoke mpaka watu watatu wamelirudia kwa maneno yao. Mmoja awe mama, mmoja awe kijana, mmoja awe mzee asiyejua kusoma. Dakika tano hizo zitatuokolea ugomvi wa siku tano siku ya mgao.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: msibandike tangazo la Kiingereza peke yake. Watoto wetu wa mtaala wa Burundi wamesoma Kifaransa na Kirundi, na wazazi wao wengi hawajui kusoma lugha yoyote. Andikeni Kiswahili na Kirundi, semeni kwa kipaza sauti, na saa iandikwe kwa namna zote mbili: "saa mbili asubuhi (8.00)". Na habari ikiwa mbaya, kama kupunguzwa kwa mgao, tuambieni mapema na mtuambie sababu. Tunavumilia njaa iliyoelezwa kuliko njaa iliyofichwa, maana pale mnaponyamaza, uvumi hupata kazi.

Kwa walimu wenzangu: tuwafundishe wanafunzi kusema wakiwa wamesimama, bila kuogopa na bila kupiga kelele, na baada ya kila anayesema, mwingine asimame ayarudie aliyoyasikia. Wasichana tuwape nafasi ya kusema, si ya kusikiliza tu. Wavulana tuwape kazi ya kusikiliza, si ya kusema tu. Bibi zetu na babu zetu kila mmoja alipewa nusu ya elimu hii. Watoto wa kambi wanastahili nusu zote mbili.

Ndugu Mwenyekiti, nikae nami nipate mrejesho wangu. Atakayeulizwa nyumbani leo jioni, "Mwalimu alisema nini?", naomba ajibu kwa ukamilifu, hata kama hakukubaliana nami.