Kwa Nini Mahindi Husimama kwa Bua Moja

 

Tazameni shamba la mahindi. Kila mmea una bua moja nene, na hindi moja au mawili. Babu yake ni mmea wa porini uitwao teosinte, unaoota Meksiko hata leo. Huo una matawi mengi kama kichaka. Suke lake lina punje chache tu, 5 mpaka 12 hivi, na kila punje imefungwa ndani ya ganda gumu. Watu wa Meksiko walianza kuulima miaka 9,000 hivi iliyopita. Je, uligeukaje ukawa chakula chetu?

Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Kila seli ina kitabu kizima cha maagizo: namna ya kufanya mzizi, jani, ua na punje. Agizo moja huitwa jeni. Lakini seli haisomi kurasa zote. Kama ingezisoma zote, jani lingetaka kuwa mzizi! Kwa hiyo wako wanyapara. Hao ni protini zinazoshika ukurasa na kuamuru, "Huu usomwe," au, "Huu ufungwe."

Mnyapara mmoja wa mahindi huitwa TB1. Yeye huyaambia machipukizi ya ubavuni, "Laleni." Yakilala, nguvu ya mmea huenda kwenye bua na punje. Teosinte inaye pia, lakini katika mahindi hupatikana karibu mara mbili zaidi. Mtaalamu wa Marekani, John Doebley, na wenzake walieleza habari hiyo mwaka 1997. Badiliko katika mnyapara mwingine, TGA1, ndilo lililoitoa punje katika ganda lake.

Mwaka 2011 ilionekana kwamba badiliko lililoongeza TB1 lilikuwamo katika baadhi ya teosinte kabla ya kilimo kuanza. Wakulima hawakuliumba. Walilichagua, kwa kuweka mbegu ya mmea uliowapendeza, mavuno baada ya mavuno.

Basi, msidharau mbegu za zamani, wala mimea ya porini iliyo ndugu wa mazao yetu. Huenda ndani yake limo badiliko litakalotuokoa siku ya ukame au ugonjwa. Mbegu ikipotea, na ukurasa wake umepotea.

Maswali:
1. Kazi ya TB1 ni nini?
2. Wakulima wa kale walichaguaje mbegu?