Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Kwaya na Sanduku



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii ya leo tukiwa wazima. Wapo tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tunawakumbuka.

Ndugu mgeni rasmi, habari za hisa, mikopo na marejesho mweka hazina wetu ameshazisoma, sitazirudia. Mimi nimeomba niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni kwaya. Nasema hivyo kwa sababu ipo hoja mezani. Katika mkutano wetu uliopita wanachama kadhaa wamependekeza kwaya ifutwe, tubaki na sanduku peke yake. Kura itapigwa baada ya mgao wa mwaka huu. Hoja yenyewe siyo ya kipuuzi, na walioileta siyo maadui wa kikundi. Lakini mimi pamoja na uenyekiti ni mwimbaji wa sauti ya pili, na leo nitasema upande wangu.

Kwanza wadogo zangu mlioingia juzi juzi mjue kwamba sanduku lilizaliwa na kwaya, siyo kwaya iliyozaliwa na sanduku. Tulikuwa akina mama wa mtaa mmoja hapa Morogoro, Waislamu na Wakristo, tuliotaka kuimba Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Tukaambiwa bila sare hampandi jukwaani. Basi tukaanza kuchanga shilingi elfu moja kila wiki ya kununulia vitenge. Vitenge vikapatikana, tukashona, tukaimba. Wiki iliyofuata mwenzetu mmoja akaja mazoezini na elfu moja yake mkononi kwa mazoea, akauliza, "Sasa hii naipeleka wapi?" Tukacheka sana. Lakini lile swali ndilo lililotuletea sanduku la kufuli tatu, watunza funguo, hisa na mfuko wa jamii.

Siku ile ya kwanza jukwaani, jamani, wengine miguu ilikuwa inatetemeka mpaka kitenge kinacheza chenyewe. Wimbo tuliuanza juu mno, ilipofika katikati sauti ya kwanza ikawa imebaki na watu wawili. Watu walipiga makofi hivyo hivyo. Tangu hapo tumeimba viwanja vya Nane Nane, tumeimba Mei Mosi, tumeimba harusi nyingi tu. Misibani tunaangalia mwenye msiba ni nani. Pale wanapotaka nyimbo tunaimba, na kwa ndugu zetu Waislamu tunaacha kwaya nyumbani, tunaenda na sufuria na mikono ya kupika. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yanasimama, tunarudi baada ya Idi.

Nieleze kidogo mazoezi yenyewe, maana wapo wageni wanaodhani kwaya ni kupiga kelele kwa pamoja. Tunakutana Jumatano saa kumi jioni. Mwalimu wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu, anabandika karatasi ya manila ukutani yenye zile herufi za do, re, mi. Kila sauti inafundishwa peke yake, halafu zinaunganishwa, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu ukimsikiliza sana jirani unapotea, usipomsikiliza kabisa unapotea zaidi. Sauti ya tatu tunao wachache. Besi tunaazima kwa waume zetu wawili, ambao leo nawashukuru hadharani. Mwalimu ametufundisha kwamba kuandika nyimbo kwa herufi namna hii kulianzia Uingereza katika karne ya 19, na aliyebuni ni mwalimu wa kike, Sarah Glover. Baadaye mchungaji John Curwen akaiboresha njia hiyo na kuieneza. Basi sisi tulioishia darasa la saba tunasoma wimbo mpya bila kinanda, kwa sababu ya mwanamke mwenzetu wa mbali. Na hata wimbo wetu wa Taifa, sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, mwalimu wa shule aliyekuwa akiongoza kwaya. Kwa hiyo anayesema kwaya ni mambo ya kupoteza muda afikirie kila anaposimama wima kwa ajili ya Taifa.

Baada ya mazoezi kuna chai na mihogo. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Siku ya hisa, Jumamosi, kila mtu anakaa kwa namba. Unaitwa, unatoa, mhesabu fedha anahesabu, katibu anaandika, unarudi kukaa. Ni lazima iwe hivyo, fedha haina utani. Lakini kwa utaratibu ule utajuaje kwamba mwenzako ana tatizo? Daftari linajua nani hajaleta rejesho, halijui kwa nini. Yupo mwenzetu ambaye marejesho yake yalikuwa hayajapungua hata shilingi, kwenye daftari alikuwa mwanachama bora. Jumatano moja sauti ya pili ikawa nyepesi, nikageuka, hayupo. Jumatano ya pili hayupo. Hisa zake alikuwa anamtuma mtoto. Tukaenda wanne mpaka kwake, tukamkuta amelala, hajiwezi, na alikuwa ameficha ili asionekane anakwepa deni. Mfuko wa jamii ukafanya kazi yake siku ile ile. Leo yupo hapa, amekaa safu ya pili, na ameniruhusu niliseme hili. Sasa nauliza, kama tungekuwa na sanduku peke yake tungejua lini? Siku ambayo rejesho limekosekana. Na siku hiyo tungeenda kwake kumdai.

Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona. Mazoezi tulisimamisha. Hisa zikaendelea, mmoja mmoja anakuja amefunga barakoa, anatoa, anaondoka. Fedha haikupotea hata senti. Lakini maneno! Fulani amekopeshwa kabla ya fulani, mwenyekiti anapendelea wa mtaa wake, funguo ya tatu inakaa kwa nani. Miezi michache tu tukawa tunaangaliana kama wapangaji waliogombania bomba la maji. Tuliporudi kuimba hatukufanya kikao cha usuluhishi wala nini. Tuliimba, tukakosea, tukachekana, minong'ono ikapungua. Binti yangu alinisomea kwenye simu habari za watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, za mwaka 2015. Walifuatilia madarasa mapya ya watu wazima, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono, mengine ya kuandika. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamezoeana, lakini wa kuimba ndio waliozoeana mapema kuliko wengine. Nikamwambia mwanangu, hilo nami ningewaambia, wangenipa nauli tu.

Tena jambo hili siyo geni kwa wanawake wa nchi hii. Bibi zetu wa pwani walikuwa na lelemama, wakivaa sare na kushindana kundi kwa kundi, na watu wa kundi moja walisaidiana kwenye harusi na misiba. Bibi Titi Mohamed, kabla hajajulikana kwenye siasa, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuanza kugonga mlango kwa mlango. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu wanawake walikuwa tayari wamejipanga huko, na waliingia kwa maelfu.

Na kwetu pia jukwaa limezaa kitu. Mwenzetu muuza vitumbua alikuwa haongei kabisa kikaoni, ukimuuliza anaangalia chini. Mwalimu akamsikia ana sauti, akampa kuanzisha wimbo. Alikataa mara tatu. Leo ndiye tunayemtuma halmashauri kwenye mambo ya ile mikopo ya asilimia 10, ambayo wanawake tunatengewa 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2. Anasimama mbele ya maafisa, anaeleza biashara zetu, anajibu maswali, hatetemeki. Kikao gani cha hisa kingemfundisha hivyo?

Sasa nijibu hoja. La muda wana haki. Muuza mboga hawezi kufunga meza saa kumi, na mwenye wajukuu wadogo hawezi kurudi giza limeingia. Napendekeza tuanze saa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu kila mtu awe njiani. La faini ya kukosa mazoezi kukatwa kwenye hisa, hilo nakubaliana nao moja kwa moja. Liondoke. Hisa ni jasho la mtu, haiwezi kuliwa kwa sababu ya wimbo. La fedha za kualikwa, hizo ziwe na daftari lake, zisomwe kila mwezi kama zinavyosomwa nyingine, kila mwenye macho aone.

Lipo la nne ambalo halikusemwa kikaoni ila linasemwa njiani. Kila uchaguzi ukikaribia tunaitwa kuimba kwenye kampeni, na malipo yake ni mazuri kuliko ya harusi. Tumekuwa tukikataa, na wapo wanaonuna. Mimi nasema tuendelee kukataa. Humu ndani tuna wa vyama tofauti, na kila mmoja ana kadi yake nyumbani. Siku tukivaa kitenge chetu kumwimbia mgombea mmoja, nusu ya sauti ya kwanza haitarudi Jumatano. Anayetaka kuimba huko aende kama yeye, na nguo yake.

Hayo ndiyo yangu. Kura ni siri na kila mwanachama ana moja, hata mwenyekiti. Ikipita kwamba kwaya ifutwe nitatii, ila Jumatano saa kumi na moja nitakuwa nipo pale pale, na chai nitachemsha mwenyewe, atakayepita apite.

Ndugu mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja na kwa kutuchangia. Kabla hujakata keki tumekuandalia nyimbo mbili, moja ya zamani na moja mpya ambayo tumeifanyia mazoezi kwa wiki tano na bado besi inatusumbua. Mwalimu, tupe do.