UCHAMBUZI WA HABARI ZA NCHI JIRANI: MTANDAO GANI, NA KWA KAZI GANI?



Mnamo tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Rais Yoweri Museveni alilihutubia taifa lake na kutangaza kwamba mitandao ya kijamii imefungwa. Siku iliyotangulia, kampuni ya Facebook ilikuwa imezifuta akaunti kadhaa ambazo, kwa madai yake, zilikuwa za bandia na zilihusiana na wizara ya habari ya nchi hiyo. Serikali ya Kampala ililiona tendo hilo kuwa ni kiburi cha wageni wanaojitia katika mambo ya ndani ya nchi. Kabla ya siku ya kura intaneti yote ilizimwa, ikarudishwa baada ya siku chache. Na mwezi wa Februari mitandao mingine ilifunguliwa, isipokuwa Facebook. Hata mwaka 2024 mtandao huo ulikuwa bado umefungwa nchini humo.

Nani alikuwa na haki katika ugomvi huo si shabaha ya mazungumzo yetu ya jioni hii. Tunamtazama mtu wa tatu, ambaye hakuwa upande wowote: mama wa Kampala aliyekuwa akiuza vitambaa kwa kupitia ukurasa wake wa Facebook. Wateja wake walikuwa humo, picha za bidhaa zake zilikuwa humo, na maagizo yalipokewa humo. Kulipopambazuka, duka lake lilikuwa limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake hakuwa nao yeye wala jirani yake. Aliyekuwa ameandika namba za simu za wateja wake katika daftari alipata hasara ya siku chache. Asiyekuwa na daftari alianza upya.

Aidha, huo haukuwa mkasa wa kwanza kwa jirani zetu. Siku ya uchaguzi wa tarehe 18 Februari 2016 mitandao ilifungwa, pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu. Kisha, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kila aliyetaka kuitumia mitandao hiyo alitozwa kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku. Wengi waliikwepa kwa kutumia programu za kupitia njia za pembeni, na hatimaye, mwezi Julai 2021, kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya data.

Mambo hayo yanawahusu nyinyi wasikilizaji wetu kwa sababu iliyo wazi. Askari ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko Nanyuki, mwakani yuko Mombasa, na mke wake (au mume, kwani maafisa wa kike nao wana waume) hawezi kulipakia duka la mawe katika lori la kikosi. Biashara ya simu husafiri na mwenyewe. Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi za kambini kuna anayeuza viatu, keki au nguo za watoto kwa mtandao, na kila mwezi kuna anayeuliza aanzie wapi.

Aghalabu jibu analopewa ni kwamba ajiunge na yote. Jibu hilo lina walakini. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, hivi kwamba majina hayo matatu ni milango mitatu ya nyumba moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 nyumba hiyo ilizimika kwa takriban saa sita, kuanzia jioni kwa saa za Afrika Mashariki hadi usiku wa manane. Watu wengi walizima simu zao na kuziwasha tena, wakidhani kasoro ni ya kwao. Mfanyabiashara aliyejihesabu kuwa ana njia tatu aligundua kuwa alikuwa na moja.

Kwa hiyo mwenye kuuza na aangalie kwanza wateja wake wako wapi. Auzaye keki kwa majirani wa mtaa mmoja hana haja ya TikTok. WhatsApp ya biashara, iliyoanzishwa mwaka 2018, yenye orodha ya bidhaa na bei zake, inamtosha. Mshoni anayetaka mitindo yake ionekane na watu asiowajua, huyo ndiye atakayefaidika na Instagram na TikTok, mahali ambapo picha hutangulia maneno. Mmoja au miwili inatosha, isiwe yote ya mwenye mali mmoja, na daftari la namba za simu liwe pembeni.

Tukija kwenye matumizi ya mtu binafsi, jambo hubadilika, hasa kwa mvaa sare. Mnamo Oktoba 2022 sisi Wakenya tulijipatia somo kutoka kwa jirani bila ya kulipia ada. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, wakati huo kamanda wa majeshi ya nchi kavu ya Uganda, aliandika katika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji majuma mawili kuiteka Nairobi. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Siku iliyofuata aliondolewa katika ukamanda huo, ingawa alipandishwa cheo, na Rais Museveni, ambaye ni baba yake, akatuomba radhi Wakenya. Twitter, ambayo tangu mwaka 2023 huitwa X, ni baraza la wazi. Anenaye humo husikiwa na balozi, mwandishi wa habari na adui kwa wakati mmoja. Mwana wa Rais aliombewa radhi na baba yake. Koplo ataombewa na nani?

Wako pia wanaotangaza siri bila ya kuandika hata neno moja. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyotolewa na Strava, mtandao wa watu wanaokimbia kwa mazoezi, ilionyesha njia walizozizunguka askari wa Marekani ndani ya kambi zao nchini Syria na Afghanistan. Walikuwa wakihesabu maili zao za asubuhi tu. Mwenye kupangwa nje ya nchi na auzime uwezo wa simu wa kuonyesha mahali alipo, kabla hajaondoka nyumbani.

Kuhusu usiri wa mazungumzo, WhatsApp na Signal hufunga ujumbe kwa namna ambayo anayetuma na anayepokea tu ndio wanaousoma. Telegram haifanyi hivyo katika mazungumzo yake ya kawaida, ila katika yale yanayofunguliwa mahsusi kuwa ya siri, na wengi hawalijui hilo. Lakini kundi moja la WhatsApp laweza kuchukua watu 1,024. Ratiba ya doria iliyotumwa humo imefungwa kwa kufuli zuri, na funguo wamepewa watu elfu moja.

Na hata akaunti ya ofisi si salama kwa sababu tu ni ya ofisi. Mwezi Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi la jirani zetu Tanzania ilivamiwa na wahalifu, wakaitumia kueneza picha chafu na habari ya uongo kwamba Rais wa nchi amefariki. Polisi walilazimika kuikanusha habari iliyotoka kwa jina lao wenyewe. Mitandao yote mikubwa ina kinga ya hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na namba ya pili. Kinga hiyo haina malipo, na kuiweka huchukua dakika chache tu, hata ukiwa bwaloni ukingoja chai.