Mji wa Gallup na Lugha Iliyokatazwa



Leo nataka kuwaelezeni habari za mji mdogo wa Marekani uitwao Gallup, ulioko magharibi ya jimbo la New Mexico. Nchi yake ni kavu, yenye majabali mekundu na mvua chache. Msafiri apitaye huko huona reli, barabara kuu, hoteli, na maduka yauzayo mazulia ya sufu na mapambo ya fedha na feruzi. Vitu hivyo hufanywa na Wanavajo na makabila yaliyo jirani nao. Wanavajo wenyewe hujiita Diné, maana yake "watu".

Mji huo ulianza mwaka 1881, reli ilipofika. Mlipaji mishahara wa reli aliitwa David Gallup. Wafanyi kazi walizoea kusema wanakwenda kwa Gallup kupokea fedha zao, na jina likabaki. Mwaka 1926 barabara ndefu yenye nambari 66, itokayo Chicago kwenda California, ikapitishwa mjini, na wenye motokaa wakaja kwa wingi.

Lakini wenyeji walikuwako kabla ya reli. Katika miaka ya 1863 na 1864 askari wa Serikali ya Marekani walichoma mashamba ya Wanavajo, kisha wakawahamisha maelfu yao kwa miguu, mwendo wa maili 300 hivi, mpaka Bosque Redondo, kando ya mto Pecos. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Tarehe 1 Juni, 1868, mkataba ulitiwa sahihi, wakaruhusiwa kurudi kwao.

Mkataba huo uliwataka wazazi wapeleke watoto shuleni. Elimu ni jambo jema. Lakini katika nyingi za shule hizo, mtoto aliyesikiwa akisema Kinavajo aliadhibiwa. Wengine walioshwa vinywa kwa sabuni. Walifundishwa kwamba lugha ya mama zao haina faida.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1942 Marekani ilikuwa vitani na Japani, na Wajapani walikuwa hodari sana wa kufumbua habari za siri. Ndipo kikosi cha Marines kilipowaandika vijana 29 wa Kinavajo, nao wakatunga mafumbo kwa lugha yao. Nyambizi waliiita samaki wa chuma. Gari la vita ambalo sisi twaliita kifaru, wao waliliita kobe. Kabla ya vita kwisha, Wanavajo kama 400 walikuwa wamefanya kazi hiyo, hata katika mapigano makali ya Iwo Jima mwaka 1945. Wajapani hawakuweza kamwe kuyafumbua maneno yao. Basi lugha iliyooshwa kwa sabuni ndiyo iliyookoa maisha ya askari wengi.

Hata hivyo, waliporudi New Mexico, Wanavajo wakaao katika nchi yao ya akiba hawakuruhusiwa kupiga kura mpaka mwaka 1948. Habari za kazi yao zilifichwa mpaka mwaka 1968. Mwaka 2001 wale 29 wa kwanza walitunukiwa medali za dhahabu, lakini wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Na ile barabara? Mwaka 1985 nambari 66 ilifutwa katika orodha ya barabara kuu za Marekani, na wasafiri wengi sasa hupita katika barabara mpya pana. Lakini Wanavajo wangali wakija Gallup kununua na kuuza. Makao ya serikali yao, Window Rock, hayako mbali, na tangu mwaka 1986 redio iliyoko huko hutangaza kwa Kinavajo. Mwaka 2013 filamu mashuhuri iitwayo Star Wars ilitiwa maneno ya lugha hiyo.

Hatari haijaondoka. Watoto wengi wa Wanavajo hukua wakijua Kiingereza tu, na siku hizi baadhi ya shule hujitahidi kuwafundisha lugha ambayo shule za zamani ziliikataza. Kuiua lugha ni kazi nyepesi kuliko kuirudisha.

Wazee wetu walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Jifunzeni lugha za watu wote, ndugu zangu, maana kila moja ni mlango. Lakini ile mliyonyonya pamoja na maziwa, wafundisheni watoto wenu nyumbani, wala msingoje mtu mwingine awaambie thamani yake.