Kisiki hakijakufa: maneno juu ya pori letu na makala

*Maneno haya yalisemwa na mmoja wetu wa komite mu mkutano wa wanachama, hapa Kambove. Tumeyaandika karibu sawa vile aliyasema.*



Nataka kusema juu ya kisiki.

Wengi wetu tulitoka Zambia, wengine kambi ya Kala, wengine Mwange. Tulirudi na masufuria, mablanketi na kazi moja isiyoomba mtaji: kuchoma makala. Shoka, jembe, na pori. Shefu alitupokea, akatuonyesha upande wetu. Miye mwenyewe nilikata sana. Makala ndiyo ililipa masomo ya batoto wangu na dawa ya mama yao. Kwa hiyo mtu asiseme nimesimama hapa kulaumu wachoma makala. Miye ni mmoja wao.

Lakini kosa tulifanya. Tulipomaliza kukata, tuling'oa visiki ili tulime mahindi. Miaka miwili mahindi yalikubali. Mwaka wa tatu yalikuwa kama vidole vya mtoto. Tukasonga mbele, tukakata tena, tukang'oa tena. Leo mwenye kutaka makala ya kuuza Likasi anatoka na kinga yake usiku, anarudi usiku. Zamani pori lilianza nyuma ya nyumba.

Sasa msikilize. Mutondo, muputu na miti mingine ya pori letu haifi ukiikata. Mizizi inabaki hai, na kisiki kinachipuka chenyewe. Ukikiacha, baada ya miaka ishirini na kitu unapata tena mti wa kufaa makala, na hakuna mtu aliyepanda kitu. Adui wake ni jembe, na adui mkubwa zaidi ni moto.

Si miye ninayesema. Karibu na Ndola, kule kule Zambia tulikokimbilia, watu wa misitu wa wakati wa ukoloni walianza jaribio mu mwaka 1933, likaendelea karibu miaka 50. Sehemu moja ya pori waliichoma kila mwaka mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na maji kidogo. Nyingine waliichoma mwisho wa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka. Nyingine waliikinga na moto kabisa. Ile ya moto wa mwisho miti iliisha, nyasi zikatawala. Ile ya moto wa mapema ilibaki na miti. Ile iliyokingwa ilifunga kabisa. Na sisi hapa tunachoma lini? Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, juu ya kuwinda panya.

Wageni wetu wanataka nigusie joto la dunia. Sawa. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, ile inayobaki nyeusi mu makala. Ikiungua inapanda juu, inakuwa hewa inayoshika joto. Kisiki kikichipuka, mti mupya unaivuta tena polepole. Ukiking'oa, inabaki kule juu. Tofauti yote iko pale.

Na tanuru zetu zinakula mingi. Mu kilo 100 za mti mkavu, tanuru ya udongo iliyojengwa haraka inatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Acha miti ikauke majuma kadhaa, ipange bila nafasi, linda moshi mchana na usiku, utapata mifuko zaidi bila kuongeza mti. Na ujenge pale pale ulipojenga zamani, kwa maana udongo uliopikwa unachelewa sana kuota kitu.

Mtauliza: kwa nini tusipike na umeme? Mwadingusha haiko mbali, inageuza maji ya Lufira tangu 1930. Nyaya zinapita juu yetu kwenda migodini, na chini yake mama anapuliza mbabula. Siku umeme utaingia mu kila nyumba, nitaleta maneno mengine.

Kwenu wafadhili nasema wazi, mnisamehe. Mlitupa wazo la kupanda mikaratusi. Kidogo kando ya nyumba ni vizuri, tutapata miti ya kujengea. Lakini mukaratusi hauleti finkubala, hauleti masuku. Pesa ile naomba ilipe watu sita wa kulinda moto toka mwezi wa saba mpaka mvua, na unga wa bukari kwa wale watakaopumzisha shoka. Najua mche mupya unapendeza mu foto kuliko kisiki.

Tena kuna sheria. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba pori lake, mpaka hektari 50,000. Lakini inasema jamii inayolishika kwa desturi. Sisi tumekuja juzi, na wengine wetu hawakuzaliwa hapa. Hatuwezi kuomba peke yetu. Tutaingia nyuma ya shefu na wenye udongo, na kama wanataka jina lao liwe mbele, liwe mbele. Nimesikia wengine wananuna. Na tusidanganyane: mali ya chini ya udongo ni ya Leta, na mtu wa mgodi anaweza kukuja siku yoyote na karatasi yake.

Mama mmoja aliniuliza: "Miaka ishirini, papa? Batoto wangu wanakula leo." Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Ana haki. Ndiyo maana komite haiombi kufunga pori lote. Tunaomba upande wa mto upumzike, na ule mwingine tuukate kwa zamu, kipande kwa kipande, bila kung'oa kisiki hata kimoja. Mwezi wa tano tuchome nyasi za mpaka wote pamoja, kabla hazijakauka.

Tutainua mikono Jumapili kisha misa. Mwenye tanuru yake tayari imefunikwa upande wa mto, aimalize. Mupya asianze mpaka tumepiga kura.