Mzigo Unaovuka Mto na Chupa Iliyomo Nyumbani

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi kwa wakazi wa mpakani, Kamembe, Wilaya ya Rusizi



Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi kuhusu madhara ya pombe na dawa za kulevya. Jambo hili si geni masikioni mwenu. Mmekwisha kusikia mara nyingi kwamba bangi ni mbaya na kwamba kanyanga ni haramu. Leo naomba tulitazame kwa kipimo cha utafiti, yaani kwa hesabu zilizofanywa na wataalamu wa afya, kisha tujiulize hesabu hizo zinatudai nini sisi tunaoishi kando ya Mto Rusizi na Ziwa Kivu.

Wilaya yetu inapakana na nchi mbili. Ng'ambo ya mto kuna Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Na tukishuka hadi bonde la Bugarama tunakutana na Burundi. Ujirani huu ni neema. Wengi wenu mmejenga nyumba na kusomesha watoto kwa biashara ya samaki, nyanya, unga na nguo. Hata hivyo, njia inayopitisha riziki hupitisha pia bangi na pombe haramu. Polisi huzikamata katika njia za panya, katika mitumbwi ya usiku na chini ya magunia ya mazao. Anayesikia habari hizo anaweza kudhani kwamba tatizo lote linatoka nje, na kwamba daraja na ziwa vikilindwa vyema kazi imekwisha. Utafiti unatuonyesha picha pana zaidi.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa nchini Rwanda miongoni mwa vijana 2,479 wenye umri wa miaka 14 hadi 35. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamewahi kutumia kileo cha aina fulani, ikiwemo pombe au tumbaku. Walipoulizwa kuhusu mwezi mmoja uliotangulia, vijana 34 katika kila 100 walisema wamekunywa pombe. Waliovuta bangi hawakufika watatu katika kila 100. Watafiti walipima pia uraibu, yaani hali ya mtu kushindwa kujizuia hata akitaka. Kijana mmoja kati ya 13 alikuwa tayari mraibu wa pombe. Mmoja kati ya 20, mraibu wa tumbaku. Na mmoja kati ya 40, mraibu wa bangi.

Baadaye ulifuata uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, ambao matokeo yake yalitangazwa na mamlaka za afya. Ulionyesha kwamba watu wanaokunywa pombe nchini wameongezeka, kutoka asilimia 41.3 mwaka 2013 hadi asilimia 48.1 mwaka 2022. Katika muda huohuo, wanaokunywa kupita kiasi walipungua kutoka asilimia 23.5 hadi asilimia 15.2. Hesabu hizi mbili zisomwe pamoja. Ya kwanza inatuonya kwamba pombe inaingia katika nyumba nyingi zaidi. Ya pili inatupa matumaini, kwa kuwa inathibitisha kwamba watu huweza kubadilika.

Hali ni hiyo hiyo duniani kote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 katika mwaka 2019, na dawa za kulevya vifo 600,000.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kuipunguzia bangi uzito. Nasema haya kwa sababu kijiji kinaweza kumkamata mbeba bangi mmoja leo, kikampigia makofi askari, kisha jioni kikarudi kwenye baa ambako mtoto wa miaka 15 ametumwa kumnunulia baba yake chupa, naye akaonja njiani. Simu nyingi zinazotuamsha usiku hazihusu bangi iliyovuka mto. Zinahusu mume aliyerudi amelewa akampiga mke wake, dereva wa pikipiki aliyeanguka na abiria, au ndugu wawili waliochomana visu kwa deni dogo. Katika matukio hayo, mara nyingi kileo kilinunuliwa dukani, kwa haki kabisa, hatua chache kutoka nyumbani.

Sasa tuitazame kanyanga. Wako wanaosema kwamba ni kinywaji cha wazee, kwamba babu alikunywa na hakufa. Pombe inayotengenezwa kwa kificho haina mkaguzi, wala hakuna anayejua nguvu yake. Hatari kubwa ni methanoli. Hii ni aina ya spiriti inayofanana kwa rangi na ladha na ile ya kunywa, na wachuuzi wasio na huruma huichanganya ili mtungi mmoja uwe mitungi mitatu. Ikifika mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho. Mnywaji anaweza kulala akijihisi mzima, kisha kesho yake akaamka na maumivu ya kichwa na tumbo, akitapika, akihema kwa kasi, na kuona ukungu mbele yake. Wengine hupofuka. Wengine hufa.

Haya yametokea karibu nasi. Mwaka 2010, katika Wilaya ya Kabale nchini Uganda na maeneo mengine ya nchi hiyo, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Mwishoni mwa mwaka 2021, wakati wa sikukuu, watu kadhaa walipoteza maisha katika Wilaya ya Bugesera, hapa hapa Rwanda, kwa kunywa pombe yenye sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo, mkiona dalili nilizozitaja kwa mtu aliyekunywa, msimpe maziwa na kusubiri alale. Mpelekeni hospitali mara moja, na mwambieni daktari ukweli kuhusu alichokunywa. Dawa ya sumu hiyo ipo, lakini haingoji.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi na kwa uwazi. Kifungu cha 263 cha Sheria Namba 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 kinawatenganisha mtumiaji na mfanyabiashara. Anayetumia dawa za kulevya, akitiwa hatiani, hupewa kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili, au huamriwa kufanya kazi za manufaa ya jamii. Lakini anayezitengeneza, kuzisafirisha, kuzihifadhi au kuziuza hukabiliwa, kwa dawa za daraja kali kabisa, na kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi maisha, pamoja na faini ya faranga milioni 20 hadi milioni 30. Bangi imo katika daraja hilo.

Naomba kina mama wafanyabiashara na vijana wabeba mizigo wayapime maneno haya mawili: kusafirisha na kuhifadhi. Mwenye mali hujificha. Humtafuta mwenye shida, akampa malipo ya siku moja, na kumwambia, "Nivushie tu kifurushi hiki." Akikamatwa, anayefikishwa mahakamani ni aliyekibeba, na watoto wanaobaki bila mlezi ni wa kwake. Kusema "sikujua kilichomo" ni utetezi mgumu sana kuuthibitisha. Usibebe mzigo ambao hukuufunga mwenyewe. Usihifadhi gunia la mgeni. Anayekataa kulifungua mbele yako amekwisha kukujibu.

Yako pia maneno yanayozagaa kwamba serikali imeruhusu bangi. Ukweli ni huu: mwaka 2020 Baraza la Mawaziri lilikubali utaratibu wa kilimo cha bangi kwa ajili ya kutengeneza dawa za hospitali na kuuzwa nje ya nchi, na mwaka 2021 Wizara ya Afya ikatoa agizo la kusimamia jambo hilo. Kazi hiyo hufanywa na kampuni zenye kibali maalumu, chini ya ulinzi mkali. Kuivuta, kuiuza mtaani au kuipanda nyuma ya nyumba bado ni kosa.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini serikali huongeza bei ya pombe na kufunga baa mapema, ilhali mtu anakunywa kwa fedha zake. Swali ni la haki, na jibu lake limo katika utafiti. Wataalamu wa nchi nyingi wamekuta kwamba mawaidha peke yake hayapunguzi sana unywaji. Yanayopunguza ni mambo matatu: bei kupanda, upatikanaji kupungua na matangazo kudhibitiwa. Ndiyo maana kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 baa nchini Rwanda zilitakiwa kufungwa saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku siku za Ijumaa na Jumamosi. Ndiyo maana mwaka 2025 ushuru wa bia ulipandishwa kutoka asilimia 60 hadi asilimia 65. Majirani zetu wamechukua hatua zao pia. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa ziliuzwa kwa bei ndogo hata kwa watoto wa shule.

Hapa ndipo wajibu wa mpakani unapojitokeza. Bei ya bia inapopanda, maskini anaweza kuiacha, au anaweza kukimbilia kanyanga na viroba vinavyopenya gizani. Njia za panya zikiwa wazi, sheria nzuri iliyotungwa Kigali hugeuka kuwa faida ya magendo huku Rusizi. Tunapolinda mto na ziwa, tunalinda pia sera ya afya ili isivuje. Na mnapokataa kununua kinachovuka kwa kificho, mnaifanya kazi ambayo askari peke yake hawezi kuifanya.

Naja kwenye jambo lenye uzito mkubwa kwangu, nalo ni tiba. Familia nyingi humficha mraibu kwa aibu. Humfungia ndani, humpiga, au humwombea arudi katika akili zake, na wakati huo ugonjwa unazidi kukomaa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Uraibu ni ugonjwa wa ubongo, na una waganga wake. Hospitali za Gihundwe na Mibilizi, kama hospitali nyingine za wilaya, zina huduma ya afya ya akili, na kituo chenu cha afya kinaweza kuwaandikia rufaa. Kwa wanaohitaji kutengwa na mazingira yao kwa muda, kuna vituo vya urekebishaji, kikiwemo cha Iwawa kilichoko kisiwani katika Ziwa Kivu, ambako vijana hufundishwa pia ufundi wa kuwapatia kipato.

Nitoe tahadhari moja ambayo wengi hawaijui. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla bila msaada wa muuguzi. Mwili wake unaweza kutetemeka, akapata degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kumuua. Mpelekeni kwanza kwenye kituo cha afya. Na akirudi akiwa amepona, msimwite tena kwa jina la ulevi wake. Kijana aliyetibiwa akikuta kijiji kinamcheka, baa ndiyo mahali pekee patakapompokea.

Kabla sijamaliza, nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wazazi. Mtoto asitumwe kununua pombe, wala asionjeshwe kwenye sherehe kwa mzaha. Sheria inalinda kila aliye chini ya miaka 18. Mama mjamzito naye asishawishiwe kunywa hata kidogo, kwa kuwa kila anachokunywa kinamfikia mtoto aliye tumboni.

La pili ni kwa wenye baa na maduka. Mfahamu mteja wako. Kukataa kumwongezea chupa mtu aliyekwisha kulewa si kufukuza riziki. Ni kumpa nafasi ya kurudi kesho akiwa hai.

La tatu ni kwetu sote. Toeni habari. Namba 112 ni ya dharura, 3512 ni ya ukatili wa kijinsia, 116 ni ya ulinzi wa mtoto, na zote hupigwa bila malipo. Anayetoa habari halazimiki kutaja jina lake. Na askari yeyote akiwaomba kitu ili afumbe macho, mripotini pia, kwa maana mpaka hauwezi kulindwa na mlinzi aliyenunuliwa. Mikutano ya Umuganda na ya Umugoroba w'Umuryango ni mahali pazuri pa kuzungumza haya waziwazi, kila familia ikijua kwamba inasikilizwa wala haisutwi.

Ndugu wananchi, polisi tutaendelea kusimama darajani, ziwani na njiani, usiku na mchana. Lakini hatuwezi kusimama kwenye kila meza ya chakula. Hapo mlinzi ni wewe mzazi, wewe jirani, wewe kijana unayeamua kumwambia mwenzako, "Twende nyumbani." Tukishirikiana hivyo, watoto wa pande zote za mto watakua wakiwa na akili timamu na macho yanayoona.