Mawe ya Najac na Watu Waliohama
Hotuba iliyosomwa usiku wa Jumamosi mbele ya mkutano wa ukoo



Kamati imenipa dakika ishirini niwasimulie safari waliyoifanya watu kumi na mmoja wa ukoo huu kiangazi kilichopita, huko Ufaransa ya kusini, katika nchi ambayo zamani iliitwa Rouergue na ambayo leo ni mkoa wa Aveyron. Naishukuru kamati kwa heshima hii. Natambua pia kwamba kesho asubuhi, baada ya chai, tutakaa kulijadili lile pendekezo la kuiuza nyumba ya bibi yetu iliyoko Mji wa Kale, Mombasa. Sikutumwa na upande wowote katika shauri hilo. Lakini sitajifanya kwamba mambo haya mawili hayakukutana moyoni mwangu njiani, na nitawaeleza yalipokutania.

Tulifikia katika kijiji cha Najac, chenye wakazi wapatao 700. Mto Aveyron hupita hapo katika bonde refu lenye msitu pande zote mbili, nao mto umejikunja kama nyoka aliyelala. Juu ya mkunjo huo umesimama mgongo wa mwamba, mwembamba mno, na nyumba za kijiji zimepangwa juu yake kama punje za tasbihi, moja baada ya nyingine, kando ya njia moja tu. Treni inakushusha chini kabisa karibu na mto. Kijiji unakiona juu ya kichwa chako. Shangazi yetu, ambaye magoti yake mnayajua nyote, alikataa katakata kupandishwa kwa gari. Alipanda kwa fimbo, akipumzika katika kila baraza, na barazani hapo alisalimiana na watu kwa Kiswahili nao wakamjibu kwa lugha yao, kila upande ukiridhika kabisa.

Nimetaja baraza, nanyi msidhani ni mapambo ya usemi. Nyumba za kale za uwanja wa Najac zimeinuliwa juu ya nguzo na matao, na chini yake pana kivuli cha kukalia na cha kufanyia biashara. Vijana walisema mara moja kwamba hapa mtu wa pwani hawezi kupotea.

Mwishoni mwa njia ndiyo ngome. Mnara wake wa kwanza, wa mraba, ulijengwa yapata mwaka 1100. Ngome kubwa iliyouzunguka ilianzwa mwaka 1253 kwa amri ya Alphonse wa Poitiers, ndugu wa mfalme Louis wa Tisa. Alphonse alikuwa amemwoa Jeanne, binti wa mtawala wa mwisho wa ukoo wa Toulouse. Ndoa hiyo ilitokana na mkataba wa mwaka 1229, uliofunga vita ambavyo wafalme na Kanisa waliiletea nchi hii ili kuwang'oa Wakathari, Wakristo waliohesabiwa kuwa wazushi. Mwaka 1271 Alphonse na Jeanne wakafariki bila mtoto, na nchi nzima ikaangukia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa. Kwa hiyo mnara ule mkubwa wa duara haukujengwa kumzuia adui wa mbali. Ulijengwa kuwatazama wenyeji. Ndani yake tulionyeshwa mianya ya kupigia mishale yenye urefu wa karibu mita 7, ambayo wapiga upinde watatu, mmoja juu ya mwingine, waliweza kuitumia kwa wakati mmoja. Watoto walitaka kujaribu. Tuliwazuia kwa taabu.

Yaliyowapata wenyeji hao yaliniingia kuliko ngome yenyewe. Kwa kuwa waliwaelekea Wakathari, mahakama ya Kanisa iliwaadhibu kwa kuwaamuru wajenge kanisa kwa fedha zao wenyewe, na kazi ikaanza mwaka 1258. Kanisa hilo la Mtakatifu Yohana lingaliko chini ya ngome, jengo refu la ukumbi mmoja, bila safu za nguzo ndani, tupu na tulivu. Ni faini iliyogeuka jengo, na wajukuu wa waliotozwa wakaendelea kubatizwa na kuzikwa humo kwa zaidi ya miaka 700. Juu zaidi kijijini kuna birika la maji lililochongwa kutoka jiwe moja la itale mwaka 1344, kwa ajili ya wazee wa mji waliochaguliwa kusimamia mambo ya watu wao. Mmoja wa vijana wetu alikumbusha kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, yaani miaka kumi na mitatu tu kabla ya birika hilo, akaandika sifa za mji ule. Nilifurahi kuona kwamba darasa la Jumapili halikupotea bure.

Na ngome iliishaje? Baada ya mapinduzi ya Ufaransa iliuzwa, kwa bei inayosimuliwa kuwa faranga 12, iwe machimbo ya mawe. Watu wakabomoa na kubeba. Ukitembea kijijini ukaona jiwe lililochongwa vizuri kupita kiasi katika ukuta wa zizi, usiulize limetoka wapi.

Kuhusu chakula nitasema machache. Sifa ya Najac ni nyama ya nguruwe iliyokunjwa na kuokwa, kwa hiyo sifa hiyo tuliwaachia wenyewe. Tulipewa aligo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na jibini mbichi na vitunguu saumu hadi vivutike kama uzi mrefu kutoka sufuriani. Mzee mmoja miongoni mwetu alisema ni ugali uliokwenda shule.

Siku ya Alhamisi tulikwenda sokoni Villefranche-de-Rouergue, mji ulioasisiwa na huyo huyo Alphonse mwaka 1252, wenye mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, na mnara wa kanisa uliosimama juu ya njia hata watu wanapita chini yake. Kisha tukaenda kaskazini, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, hadi Conques.

Hapo niruhusuni nikae kidogo. Conques ni kijiji kidogo kuliko Najac, kimeshikilia mteremko wa mlima, na katikati yake kuna kanisa la abasia la Sainte-Foy, ambalo mahujaji waendao Santiago de Compostela wamelipitia tangu zama hizo na wangali wakilipitia. Juu ya mlango wake imechongwa Siku ya Hukumu, karne ya 12, yenye watu zaidi ya mia moja: wema kulia kwa mwamuzi katika utaratibu na utulivu, waovu kushoto kwake katika msukosuko, na miongoni mwao bahili aliyetundikwa na mfuko wake wa fedha shingoni. Ndani kuna madirisha 104 ya kioo kisicho na rangi, kazi ya Pierre Soulages, mzaliwa wa mji wa Rodez ulio jirani, yaliyokamilika mwaka 1994. Mwanga unaopita humo ni wa maziwa.

Hazina ya Conques ni sanamu ya mbao ya mtakatifu Foy, binti aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika mji wa Agen. Imefunikwa kwa dhahabu na vito, na umri wake umepita miaka 1000. Mifupa yake ililetwa Conques mwaka 866 na mtawa aliyeichukua Agen kwa siri. Watu wa Conques huliita jambo hilo uhamisho. Bila shaka watu wa Agen wana neno lingine. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Wakati wa mapinduzi serikali ilikuwa ikikusanya dhahabu na fedha za makanisa ili ziyeyushwe. Wanakijiji wa Conques, kabla maofisa hawajafika, waliitoa hazina usiku wakagawana vipande nyumba kwa nyumba. Wengine walivifukia bustanini, wengine wakavificha katika vibanda vya kukaushia zile kokwa tamu za msituni ambazo maskini wa nchi hiyo walizila badala ya mkate. Hali ilipotulia, kila nyumba ikarudisha ilichoshika. Walikuwa watu wa dhiki, na kipande kimoja kingemlisha mtu miaka. Kanisa lenyewe lilikuwa limekaribia kuanguka pale Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alipofika mwaka 1837 na kuanza kulipigania.

Tuliporudi Najac nilimsimulia hayo mzee jirani wa nyumba tuliyopanga. Aliniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia London. Akatikisa kichwa, akauliza tena: kwenu ni wapi? Nilipomjibu, alicheka akasema kwamba yeye naye kwao ni hapa, lakini amefanya kazi miaka arobaini katika mkahawa Paris, na watoto wake wote wangali huko.

Hapo ndipo nilipofahamu nimo katika nchi ya watu gani. Mwaka 1886 Aveyron ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Leo ni chini ya 300,000. Walihamia Paris kubeba maji na kuuza makaa, kisha wakafungua mikahawa. Marcellin Cazes, aliyeinunua mkahawa mashuhuri wa Lipp mwaka 1920, alikuwa mwana wa mkoa huu. Wakaunda vyama vya watu wa kijiji kimoja, vyenye karamu ya kila mwaka, mwenyekiti, mweka hazina na, nasadiki, ugomvi wa ada. Tangu mwaka 1882 walikuwa na gazeti lao pamoja na jirani zao wa Auvergne, na mwenye gazeti, Louis Bonnet, akawapangia treni za bei nafuu za kuwarudisha nyumbani wakati wa kiangazi. Wengine walikwenda mbali zaidi: mwaka 1884 familia zipatazo 40 zilivuka bahari na kuasisi mji wa Pigüé nchini Argentina.

Nilimwuliza yule mzee kama watoto wake wanasema Kioksitani, lugha ya mababu zake. Akasema hata yeye alikatazwa na mwalimu. Katika shule za Ufaransa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa alama ya aibu, naye akaipokeza kwa mwenzake atakayeteleza. Wazee wetu mliosoma Kenya zamani, mnaijua alama hiyo. Ilikuwa na dada zake kwetu. Wajukuu zake huja Agosti, wakafungua madirisha ya nyumba ya ukoo, na mwezi ukiisha wakayafunga. Aliniashiria kwa mkono nyumba za njia ile: hii wanakuja, hii hawaji tena, hii imeuzwa kwa Mwingereza.

Basi nisiwafiche. Kesho nitapiga kura ya kutoiuza nyumba ya bibi. Lakini niliiona Najac, nami sipigi kura ya komeo. Nyumba inayofunguliwa wiki tatu kwa mwaka ili tupige picha barazani inakufa tu polepole kuliko iliyouzwa. Napendekeza chumba cha chini na cha kati apewe mjukuu wetu anayeanza kazi Mombasa, bila kodi, kwa sharti la paa na kisima. Na kila familia iliyomo humu ishike kipande chake cha gharama, kama nyumba za Conques. Nimepiga hesabu ya boriti na chokaa pamoja na fundi mmoja wa Mji wa Kale, na karatasi ya hesabu hiyo iko kwa Katibu. Wanaotaka kuuza wanayo hoja, maana ada zetu za mwaka jana hazikutimia, na nawaomba walete hesabu yao pia ili tuziweke mezani pamoja.

Picha za safari ziko katika meza iliyo karibu na mlango wa jikoni. Watakaopenda kwenda tena kiangazi kijacho wamwandikishie shangazi majina yao kabla ya chakula, nao wachukue viatu vya kupandia mlima. Fimbo yeye amesema haazimishi.